Neno Lililobaki kwa Mwingine

Kabla ya neno la kwanza la wimbo, mtu alivuta pumzi.

Khavere aliisikia waziwazi kwenye spika, pumzi ndefu kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Akamtazama Mwende, fundi wa sauti, ambaye alikuwa amekunja uso mbele ya kompyuta.

"Hiyo nilikata," Mwende akasema. "Pumzi zote nilikata jana."

"Si ukate tena twende," akasema Wahome, akivaa koti. "Wimbo iko sawa. Mara hii usiguse kitu ingine."

Hapo tu ndipo Khavere alipogundua kuwa studio ilinuka maziwa yaliyoungua. Jengo lile la Mweiga lilikuwa stoo ambamo wafugaji walileta maziwa zamani. Yalipokelewa humo, yakapozwa, yakapakiwa kwenye lori. Hakuna aliyewahi kuyachemsha.

Akachukua gitaa lake. Alikuwa amechoka mno kuanzisha mjadala mwingine. Bendi yao iliitwa Mafiga Matatu, na miji yote ya kuzunguka mlima iliisubiri albamu yao ya kwanza kwa hamu. Bendi tatu za roki zilikuwa zimevunjika, na kutoka kwa kila moja akachukuliwa kinara wake: Wahome wa Nyeri mjini, Nehemiah, polisi wa Nanyuki aliyezipiga ngoma kana kwamba anazikamata, na Khavere mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi Gatitu na mpiga gitaa. Mashabiki walidhani wakubwa watatu wakikutana mambo yatanoga. Ajabu ni kwamba hata wao watatu walidhani hivyo.

Miaka miwili ilipita wakivutana. Nyimbo zote zilikamilika ila moja, ile iliyobeba jina la albamu, kwa sababu kila mmoja alitaka kuiongoza. Wahome alisema wazi kwamba hakuzaliwa kuitikia mtu. Nehemiah alinuna. Khavere alilia mara moja chooni, kwa hasira, akanawa uso, akarudi kupiga gitaa.

Ndipo Mwende alipowarekodi mmoja mmoja, kisha kwa siri akanyofoa neno hapa na neno pale, akayaunganisha na kuyalainisha mpaka mshono usionekane. Ikatoka sauti moja nzuri ya kutisha, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. Kila mmoja wa wale watatu alijisikia mwenyewe ndani yake, akaridhika. Ilikuwa sauti isiyo na mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenuna.

Jumatatu asubuhi Khavere alikuwa darasani. Mtoto mmoja alikuwa ameinuka kwenda kuchungulia dirishani, na Khavere akataka kumwambia arudi kwenye kiti chake. Akafungua mdomo. Neno la kwanza halikutoka, ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena. Maneno mengine yalikuwepo yote, kiti, chako, kaa, lakini pale palipokuwa na "rudi" palikuwa patupu, na darasa zima likanuka maziwa yaliyoungua. Watoto wakacheka. Yeye akamshika yule mtoto mkono, akamkalisha.

Saa nne Nehemiah akampigia simu, akinong'ona.

"Khavere, kuna neno siwezi kusema. Niko hapa kwa roadblock, nimeshindwa kuuliza dereva swali."

"Neno gani?"

"Si nimekuambia siwezi kulisema!"

Akamwandikia kwenye ujumbe: nyumbani.

Mwende alipoambiwa aliusikiliza wimbo tena, neno kwa neno. Kisha akawaita studio, mchana huohuo, huku ukungu wa Aberdare ukiwa umeshuka hadi kwenye madirisha. Wahome alikuja akiwa mkali. Asubuhi alikuwa ameagiza chai hotelini, na "moto" likamkwama kooni, mhudumu akamletea chai baridi.

"Nilichukua 'ukungu' na 'nyumbani' kwa Nehemiah," Mwende akasema. "'Moto' nikachukua kwa Wahome. Hayo ndiyo maneno yamepotea. Hiyo kitu inayakula."

"Futa basi!" Wahome akafoka.

"Nimefuta. Nimefuta kila kitu, hata zile zenu za mmoja mmoja. Skizeni."

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Waya za spika zilikuwa zimechomolewa, zimelala sakafuni. Na bado pumzi ile ilivutwa, taratibu, karibu na shingo ya Khavere, na harufu ikapanda ikajaa puani mpaka macho yakamchoma, kisha sauti ikaanza kuimba wimbo wao, ukungu, moto, nyumbani, rudi, ikirudiarudia maneno hayo manne kama mtu anayejaribu nguo za wenzake mbele ya kioo, na kila iliporudia ilizidi kuwa tamu na kuzidi kusogea, hata Nehemiah, mtu wa bunduki, akajikuta ameushika mkono wa Mwende na hataki kuuachilia.

"Ni jini?" akanong'ona.

"Sijui," Mwende akasema. "Ilikuwa inatafuta mdomo. Mimi ndio nimeitengenezea."

Wahome akachomoa simu. Akatoka nje akampigia shangazi yake.

Shangazi huyo, Tata Watiri, alifika na kilemba chake cheupe na viatu vya mvua vyenye matope ya shamba la viazi. Alikuwa mama wa maombi, mfupi, asiyependa maneno mengi. Alizunguka chumba akinusa, akasikiliza pumzi, akatikisa kichwa.

"Mtu akiimba, sauti yake iko na mwenyewe," akasema. "Hii mumeipatia nyumba haina mwenyewe, ikaingia. Sasa kila mtu ataje jina yake, achukue neno yake. Na musidanganye. Neno moja ikibaki kwa hii kitu, hiyo moja ndio itatumia kuita watu."

Akapiga magoti, akaomba kwa Kikuyu mpaka jasho likalowesha kilemba. Kisha akamwonyesha Nehemiah kidole.

"Mimi Nehemiah. Ukungu ni yangu. Nyumbani ni yangu." Maneno yakatoka mazima. Akafunika uso akalia.

"Mimi Wahome. Moto ni yangu." Likatoka.

Likabaki moja. Lilikuwa neno la kibwagizo, jina la wimbo na la albamu yenyewe, neno ambalo watu wangeliimba wakielekea makwao.

"Na hiyo ya mwisho ni yangu pia," Wahome akasema.

Khavere hakuamini masikio yake. "Ati nini? Wahome, ni yangu! Siwezi hata kulisema!"

"Hata mimi ilinipotea jana. Si ulijisikia wewe? Mimi nilijisikia mimi. Mwende, sema."

Mwende alishika kichwa. "Hiyo ya kibwagizo nilichanganya sana. Sikumbuki."

"Harakisheni," Tata Watiri akasema. "Inaskiza."

Khavere aliwatazama wote. Aliona miaka miwili ya hivihivi, kila sauti nzuri ikipokonywa, kila ugomvi ukimwishia yeye, na moyo wake ukajaa ghadhabu ya mtu aliyechoka, ghadhabu isiyokuwa hata na nguvu ya kugombana. Alimtaka Lynn, binti yake, na kikombe cha chai. Jini likishatoka, akajiambia, kila kitu kitarudi mahali pake.

"Chukua," akasema. "Chukua tu, Wahome. Tumalize."

"Mimi Wahome. Rudi ni yangu."

Likatoka wazi kabisa, na wote wakadhani limemrudia. Khavere peke yake alijua halikuwahi kumpotea.

"Zimeisha zote?" Tata Watiri akauliza. "Ni ukweli?"

"Amina," wakasema, na Khavere pia.

Harufu ikatoweka. Wakarekodi wimbo upya juma hilohilo, Wahome akiimba kibwagizo, albamu ikatoka, na kutoka Nanyuki hadi Karatina watu wakaipiga kwa vinyozi na kwenye vibanda vya chipsi. Wote walimsifu Wahome. Khavere alifundisha, akapika, akawaambia wanafunzi "keti" na "njoo". Lile neno lingine hakulijaribu. Aliogopa.

Alasiri moja ukungu uliifunika Gatitu. Khavere alikuwa akianua nguo alipoona lango li wazi, na Lynn, aliyekuwa na miaka saba, yuko nje ukingoni mwa barabara ya malori, akifuata mpira.

"Lynn!" akaita, akalitupa karai la nguo. "Lynn, ..."

Pumzi.

Akakimbia. Ng'ambo ya barabara, ndani ya ukungu, palinuka maziwa yaliyoungua. Kisha sauti ikaita kutoka huko, sauti ya Khavere mwenyewe, tamu na tulivu kuliko alivyowahi kumwita mtoto huyo tangu amzae.

"Lynn. Rudi."

"Simama!" Khavere akapiga kelele. "Lynn, simama hapo!"

Mtoto aligeuka akamwangalia yule mwanamke anayefoka langoni, akasitasita kama anayemwona mgeni. Kisha akaugeukia ukungu.

"Nakuja, mama," akasema, akashuka barabarani.