Kopo la Mdomo wa Kulia

"Mama, unanunua ama unalilia bidhaa yangu?"

Wachuka alijipangusa machozi kwa upindo wa leso. Mwaka ulikuwa 1975, sokoni Nanyuki, na mkononi alishika kopo la bati la kupimia maziwa. Mdomo wa kumiminia ulikuwa kushoto, kama kawaida. Lakini upande wa kulia palikuwa na kinundu kisichotoa hata tone.

"Hii kinundu ni ya nini?"

"Ni ya kopo," akajibu Ngatia, fundi wa bati. "Ukiitoa, watu wanasema si kopo ya kweli. Ilikuwa mdomo wa pili. Mimi niliiga ya Simiyu wa Kiganjo, nikaziba huo mmoja kuokoa bati. Kopo iko na ukoo kama watu, mama. Kila fundi anabadilisha kidogo. Ile inapendwa inazaa zingine, ile haipendwi inakufa."

Jamani, Wachuka aliujua mdomo huo! Yeye hutumia mkono wa kushoto. Mwaka wa 1964, kwao Tetu, fundi Wamae alimtengenezea kopo lenye mdomo kulia, amimine bila kumwaga. Baba yake akafoka ati binti yake haolewi na mgonga mabati, akampeleka Nanyuki kwa shangazi Warigia. Mwaka haujaisha, shangazi akatoka Tetu na habari: Wamae ameoa. Wachuka akaufunga moyo, asirudi Tetu tena. Wachumba walikuja, wakarudi walikotoka.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Kiganjo.

"Zangu ziko na midomo miwili," Simiyu alimwonyesha. "Niliiga ya Tetu. Ilikuwa na mmoja tu, tena upande mbaya, nikaongeza wa kushoto. Ule wa zamani niliogopa kuutoa. Labda uko na maana."

"Uko na maana."

"Gani?"

Alikuwa ameshika njia ya Tetu tayari.

Wamae alikuwa kibandani, mvi zimemwingia, anagonga bati. Juu yake yalining'inia makopo. Mdomo mmoja, kulia.

"Wamae."

Nyundo ikanyamaza.

"Wachuka? Haki ni wewe?"

"Mke wako yuko wapi?"

"Mke gani?"

"Shangazi alisema umeoa."

"Mimi aliniambia umeolewa na mwenye duka huko Nanyuki. Nikasema nisikuharibie boma."

Wachuka akakaa chini. Miaka kumi na moja! Yote imeliwa na ulimi wa mtu mmoja.

"Na kama nimeolewa, mbona hukubadilisha kopo? Wenzako wamebadilisha, wanauza kukushinda."

"Najua. Wateja wananitukana kila siku."

"Sasa?"

"Ungepita siku moja utake chai, ungemimina na nini?"

Hapo Wachuka alilia bila kujificha. Wamae akachota maziwa kwa kopo, akampa. Wachuka akalishika kwa mkono wa kushoto, akamimina kwenye sufuria. Hakumwaga hata tone.

"Jumamosi naleta wazee," Wamae akasema. "Tutaongea na nani, na mzee wako alishatuacha?"

"Na shangazi. Yeye ndiye amebaki."

"Nimpelekee nini?"

Wachuka akacheka katikati ya machozi.

"Mpelekee kopo ya Ngatia."

"Ya Ngatia? Kwa nini isiwe yangu?"

"Ile yake imezibwa mdomo."