Aliyesema kwa Kinywa cha Daktari

Kilichoanza kumtia shaka daktari wa zahanati ni pumzi. Kila alipoinama kumpima mgonjwa alihisi mtu akimhemea shingoni, pumzi ya moto yenye harufu ya maua yaliyooza. Akigeuka, ukuta mtupu.

Asubuhi hiyo alirudi fundi cherehani, mama aliyejulikana mtaa mzima kwa maneno yake. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia.

"Chakula hakipiti, mwanangu. Hata uji unakwama. Mimi wa kupunguza nguo za watu, sasa napunguza zangu!" Akacheka, akakohoa.

Daktari alimpapasa juu ya mtulinga, akagusa uvimbe mgumu kama kokoto, usiosogea. Saratani. Akafungua kinywa amwambie aende hospitali kubwa leo hii, na pumzi ile ikamwingia sikioni, ikateremka kooni, ikaukamata ulimi, naye akajisikia akisema, kwa sauti tamu ambayo hakuwa nayo tangu azaliwe: "Ni asidi tu, mama. Kunywa dawa, upumzike."

"Mungu akuweke," fundi akasema, akaenda zake.

Daktari akamwita muuguzi. "Dada, umesikia? Yule si mimi!"

Muuguzi alifunga mlango kwanza. "Daktari," alinong'ona, "mbona ndivyo unavyowaambia wote siku hizi? Yule dereva aliyekojoa damu. Yule mama mwenye uvimbe kwenye titi. Dereva tumemzika juzi."

Mganga wa majini aliitwa mchana huohuo. Alikemea mpaka sauti ikamkauka, dirisha likafunguka lenyewe, daktari akaanguka sakafuni, ulimi mwepesi.

"Limetoka," mganga alisema. "Lilikokwenda sijui."

Daktari alikimbia hadi kwa fundi, akamkuta kwenye cherehani yake. Akapiga magoti, akamshika mikono. "Mama, yale ya asubuhi si kweli. Una ugonjwa mbaya. Twende hospitali kubwa sasa hivi, nakuomba, huenda wakakuwahi."

Fundi alimtazama taratibu, na mikono yake ilikuwa ya moto, na alipojibu hakukohoa wala hakukwama, ila sauti ilimtoka laini, tamu, si yake.

"Mimi mzima, daktari. Kawatibu wagonjwa."

Binti yake akaja, akamwinua daktari kwa upole, akamsogeza mlangoni. "Mwache mama," alisema akitabasamu. "Tangu mchana hana maumivu hata kidogo."