Pacha Wangu Alitudanganya, Boma la Mama Likawa Kiwanda

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, mama wa mabinti wawili ambao wote wameolewa. Ninauza chakula nje ya geti la kiwanda cha samaki karibu na Port Victoria. Madereva wa malori, wa Uganda na wa hapa kwetu, wote wananijua. Nikiwapakulia ugali wananiambia, "Mama, leo uko kimya." Mimi niko kimya kila siku... Wamezoea tu kusema.

Niiteni Apiyo. Kwetu Wajaluo, jina hilo hupewa msichana aliyetangulia kuzaliwa kati ya mapacha. Aliyenifuata ni Odongo. Tulikaa tumbo moja, tukanyonya pamoja, hata surua tuliugua pamoja. Nawaeleza hivyo ili mjue kwamba aliyenifanyia haya hakuwa mtu wa mbali.

Baba yetu alikuwa mvuvi. Alipofariki tulimzika ndani ya boma, karibu na nyumba ya Mama, kama desturi inavyotaka. Boma lilikuwa ukingoni kabisa mwa ziwa, mahali ambapo maji yana kina tangu ufukweni. Boti kubwa ingeweza kufika pale bila kukwama. Sisi hatukuliona hilo kuwa kitu. Wengine waliliona.

Wakati huo mimi nilikuwa naishi Kisumu, mtaa wa Kondele, nikikaanga samaki. Odongo ndiye aliyebaki nyumbani na Mama. Siku moja akanipigia simu, sauti imejaa furaha. Wawekezaji wamekuja! Wanataka kujenga gati, kiwanda, na chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki. Samaki wa pande zote mbili za mpaka watanunuliwa hapo hapo. Serikali itatia lami mpaka ziwani. Vijana watapata kazi.

Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Nyinyi mnaoishi huku mpakani mnajua tulivyosahaulika. Samaki wetu walikuwa wanaoza ufukweni tukiwatazama, kwa sababu barabara ni matope na barafu hakuna. Sikuwahi kuyapinga maendeleo. Mpaka leo siyapingi.

Wiki chache baadaye Odongo akaja Kisumu mwenyewe. Akala samaki kwangu, akanawa mikono, akasema taratibu, "Apiyo, mahali wanapopataka ni boma la Baba."

Nikamwambia hapana. Kaburi la Baba liko pale. Na Mama je?

Akainamisha kichwa. Akasema Mama ndiye aliyemtuma. Kwamba amechoka kuhama kila ziwa linapojaa. Kwamba anatamani kumalizia uzee wake Usenge, karibu na watu wa kwao, kwenye nyumba ya matofali yenye stima.

Mimi nikashangaa. Mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa akazeeka, arudi kwao? Ni aibu kubwa!

"Ndiyo maana anaona haya kukuambia," Odongo akasema. "Anajua vile unapenda ile boma. Dada, nakuomba, usimuulize. Ukimuuliza atakataa ili akufurahishe, halafu ateseke kimya kimya. Wewe sema tu umekubali."

Alinishika mkono akisema hivyo. Macho yake yalikuwa na machozi. Ningejuaje?

Nilikubali. Niliweka sahihi Kisumu mbele ya mwanasheria wa kampuni, maana alisema watoto wote wa marehemu lazima wakubali. Odongo alinishauri nisijisumbue kusafiri mpaka nyumbani. Nilirudi kwenye karai langu la mafuta nikaendelea kukaanga. Ndani yangu kitu kilikuwa kinalia, lakini nilijiambia, huyu ni Mama, apewe anachotaka.

Kaburi la Baba lilihamishwa hadi makaburi ya kanisa. Odongo aliniambia baada ya jambo kwisha. Eti Mama aliomba lifanyike bila watu wengi. Siku hiyo Mama alinipigia simu mchana, wakati wateja wamejaa. Akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, uko na nani hapo?" Nikamjibu kwa haraka, "Niko na watu wengi, Mama. Wananihudumia... aah, nawahudumia. Nitakupigia." Akasema, "Sawa, pumzika. Usiongee sana."

Nilicheka peke yangu. Pumzika, mbele ya karai la mafuta?

Mama akahamia Usenge. Nilipoenda kumwona nilikuta nyumba ya matofali kweli, geti la chuma, taa mpaka chooni. Ila Mama alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya sebule, mikono juu ya mapaja, kama mgeni anayesubiri chai. Ndugu zake aliokua nao walishakufa zamani. Majirani hawakumjua. Hakukuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuanika wala mtu wa kusengenya naye.

Nilimuuliza kama nyumba anaipenda. Akasema, "Ni nzuri. Ina stima."

Akaniuliza kama tumbo langu ni sawa. Nikasema ni sawa. Akaitikia kwa kichwa akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilipotaka kubeba ndoo ya maji akaninyang'anya. "Wacha! Usibebe kitu kizito!" Nikadhani ni uzee tu, mama kumdekeza mtoto.

Wasomaji wenzangu, tulikaa siku nzima katika chumba kimoja! Mimi nikiogopa kumtaja Baba au boma nisimtie haya. Kumbe na yeye alikuwa na lake analoogopa kutaja. Tulikunywa chai. Tukasifu nyumba. Nikaondoka.

Baada ya hapo alianza kukonda. Nikimpigia simu, sauti inatoka mbali. Odongo alikuwa amepewa kazi ya kuwa kiungo kati ya kampuni na wananchi, ana pikipiki na kofia ngumu ya plastiki, hakuwa na nafasi. Akaniambia Mama hali chakula. Nikafunga kibanda changu nikaenda kumchukua nimlete Kisumu. Njiani, tulipokuwa tunakaribia Kombewa, alilegea mikononi mwangu. Dereva akatupeleka hospitali moja kwa moja.

Walimlaza, wakamtundikia maji. Baada ya muda akafungua macho. Muuguzi, msichana mpole, akaja na maswali yake. Mama unaumwa wapi? Umeanza lini?

Mama akaninyooshea kidole mimi niliyekaa pembeni. "Mimi sina ugonjwa. Mpimeni huyu kwanza. Huyu ndiye alipasuliwa."

Muuguzi akanitazama. "Ulipasuliwa, Mama?"

Nikasema sijawahi kupasuliwa maishani mwangu.

"Usinifiche, Apiyo," Mama akasema. "Odongo aliniambia yote. Uvimbe tumboni. Aliniambia bila pesa ya boma utakufa, na unaona haya kuniomba. Alinikataza kukuuliza, nisikuvunje moyo."

Nikasogeza kiti mpaka kitandani.

"Mama," nikasema, "mimi niliambiwa ni wewe ulitaka kuhama. Nilikubali kwa sababu yako."

"Na mimi kwa sababu yako."

Muuguzi aliinama akajifanya anatazama chupa ya maji. Sisi tukatazamana. Hakuna aliyelia. Hata sasa siwezi kuwaambia nilihisi nini, kwa sababu nafikiri ni hapo ndipo kuhisi kulipokoma. Pesa ya boma ilikuwa imekwenda wapi? Nyumba ya Usenge ilikuwa ya kupanga tu, kampuni ndiyo iliyolipia kwa muda. Pesa yenyewe Odongo alinunulia lori la kubebea samaki. Lakini siwaandikii kwa ajili ya lori.

Mama alipopata nguvu kidogo hakutaka kwenda Kisumu. Aliniomba kitu kimoja tu, nimpeleke nyumbani akapaone.

Tulifika asubuhi. Hakukuwa na nyumbani. Ua wa waya mrefu, mashine za manjano, nguzo za zege zimeingia ndani ya ziwa. Kuta za kiwanda zilikuwa zimeshapanda. Askari wa geti alikuwa kijana wa watu wa ng'ambo ya mto, hatumjui. Akasema kwa heshima, "Nyanya, bila kibali siwezi kukufungulia. Hii ni mali ya watu."

Mama akamjibu, "Najua, baba. Nilikuwa mimi hao watu."

Akashika waya kwa mikono miwili akatazama ndani. Akanionyesha. Pale penye lile tingatinga palikuwa jikoni. Pale penye mchanga ndipo alipotuzaa. Pale palipokuwa kaburi hakunionyesha.

Odongo akatoka ofisini. Alipotuona pamoja alijua. Alisimama upande wa pili wa waya, kofia ngumu mkononi. Huyu niliyembeba mgongoni kana kwamba nilimzidi miaka na si dakika!

Alianza kujieleza kabla hatujauliza. Alisema wawekezaji walikuwa wamechoka na mabishano, walikuwa wanavuka kwenda Uganda. Ng'ambo walikuwa wanawangoja kwa mikono miwili. "Ningewaambia ukweli mngebishana mpaka waende! Oneni sasa, lami imefika. Vijana wako kazini. Kuna mtu amepoteza? Si sote tutafaidika?"

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Odongo, kwani ungeniomba tu mimi ningekunyima?"

Odongo akavaa kofia, akaivua tena.

"Wewe ni mtoto wangu. Ungesema, Mama, nataka hii boma, nataka kazi, nataka gari. Ningelia, halafu ningekupa. Sasa umechukua, na mimi sikukupa."

Akaachia waya. Akaniambia twende.

Mama aliishi nami Kondele mpaka mvua za mwaka huo. Hakuugua ugonjwa wa kuitwa jina. Alikuwa anapungua tu. Alinishika tumbo mara kwa mara, kama bado haamini kwamba halikuwa na kovu. Alifariki mchana, mimi nikimkatia embe. Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa, kando ya Baba, katikati ya watu wasio wa ukoo wetu. Odongo alilia mpaka akaanguka juu ya mchanga. Mimi sikulia. Wanawake walinong'ona, huyu binti ana moyo gani? Niliwasikia. Ningewajibu nini?

Kiwanda kilifunguliwa. Nitasema kweli: kinafanya kazi. Samaki hawaozi tena. Binti yangu mdogo na mumewe wote wameajiriwa humo. Biashara yangu ya Kisumu ilikuwa imelala nilipokuwa namuuguza Mama, na binti ndiye aliyenishauri nije nipike hapa, penye watu. Nikaja. Ningekwenda wapi kwingine?

Odongo hula kwangu. Anakuja, anasalimia, "Dada, kuna samaki?" Nampakulia. Anakula akiwa amenipa mgongo. Siku moja aliniambia, bila kugeuka, kwamba anatamani nimtukane hata mara moja. Nilitafuta tusi moyoni mwangu sikulipata. Msamaha nao sikuupata. Nikamwongezea mchuzi.

Wenzangu, najua wawekezaji wanakuja kwenu pia, ufukweni na mpakani, na wengine wanakuja na mambo mazuri. Wapokeeni. Lakini msikubali kuzungumzishwa mmoja mmoja! Kaeni wote, mama, baba, watoto, katika chumba kimoja, hata kama mtapigana makelele mpaka majirani waje. Bora nyumba ya makelele kuliko nyumba ya watu wanaooneana huruma gizani.

Na mtu akikuambia, "Usimuulize fulani, utamuumiza," hata kama mtu huyo mlikaa naye tumbo moja... inuka hapo hapo uende ukamuulize fulani mwenyewe. Nenda angali ana mdomo wa kukujibu. Mimi nilikuwa na namba ya simu ya Mama.