Miche Aliyopelekewa Shangazi Aitamaya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Phungma alimpa nguruwe pumba, akachota maji kwenye mfereji wa mwanzi, kisha akawakatia mbuzi majani. Kazi hizo alizifanya bila kununa, kwa kuwa zote zilikuwa karibu na nyumba. Kilichomshinda ni kupanda mlima. Ukimwambia apandishe kitu juu, hata kama ni kibiriti, miguu ilimlegea papo hapo. Na balaa lake ni kwamba kijijini kwao kila kitu kilikuwa mlimani: shule, duka, msitu wa kuni, hata harusi za watu.

Shamba la baba yake, Harkajang, lilikuwa bondeni chini ya nyumba, kwenye kivuli cha miti ya utisi, mahali penye unyevunyevu ambapo iliki nyeusi hustawi. Iliki hiyo ndiyo iliyowalisha, ikawavisha na kuwasomesha. Lakini mwaka ule, mvua zilipoanza, baadhi ya mashina yaligeuka vioja. Badala ya kurefuka kumpita mtu mzima, yalidumaa, yakatoa machipukizi mengi membamba yaliyosongamana kama nywele zisizochanwa. Ua halikutoka hata moja.

Bibi shamba wa wilaya, jina lake Menuka, akaitisha mkutano. Harkajang ndiye aliyepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Alizipita zote isipokuwa moja, nayo ni ya dada yake mwenyewe, Aitamaya, ng'ambo ya kijito. Wawili hao walikuwa wamenuniana tangu Aitamaya alipofiwa na mumewe, akarudi kwao kudai kipande cha ardhi alichoahidiwa na mama yao. Kipande alipewa, ila salamu zikakatika.

Mkutanoni, Menuka aling'oa shina moja gonjwa, akabambua maganda ya chini karibu na mizizi. Ndani mlijazana vidudu vidogo vya rangi ya hudhurungi, na sisimizi wakipita katikati yao.

"Hawa ni vidukari," alisema. "Wanafyonza utomvu. Shina likiwa na virusi, kidukari anavibeba mdomoni, na akienda kulichoma shina lenye afya, basi nalo limeshaambukizwa. Dawa ya kuliponya hakuna. Ng'oeni, mkayakatekate na kuyafukia kwenye shimo kule juu, mbali na mashamba. Na mtu asije akachukua mche hapa eti kwa sababu machipukizi ni mengi. Wingi huu ndio ugonjwa wenyewe."

Kesho yake Harkajang alimkabidhi Phungma tenga lililojaa. "Haya mashina yapandishe shimoni. Yote."

"Baba, si tuyatupe tu kijitoni?"

"Ili maji yawapelekee wenzetu wa chini? Nenda zako."

Phungma aliweka mkanda wa kubebea tenga kwenye kipaji cha uso, akaanza kupanda. Mvua ilikuwa inanyesha na ruba walimng'ang'ania miguuni. Kwenye kona ya kwanza aliketi. Akautazama mlima, akautazama ule upande wa ng'ambo ya kijito, ambako njia ni tambarare na vichaka ni vingi. Nani atajua? Akavuka.

Hata tenga hajalitua, shangazi Aitamaya akatokea na mundu mkononi.

"Umebeba nini, mwanangu?"

Phungma angeweza kusema ukweli, lakini baba angejua kuwa hakupanda mlima.

"Miche, shangazi. Baba amekuletea miche ya iliki."

Aitamaya aliuweka mundu chini. Kwao, miche ya iliki ya shambani kwako humpi mtu ambaye hamsalimiani. Ukimpa, huo ni udugu, na humaliza ugomvi kuliko maneno.

"Kaka yangu? Amesema nini hasa?"

Uongo ukadai mwingine. "Amesema, mpelekee shangazi yako ile yenye watoto wengi."

Shangazi aliyashika yale machipukizi, akayapapasa moja moja, kisha machozi yakamtoka. "Amenichagulia yenye watoto wengi," alisema. Akamwingiza Phungma ndani, akampa yai la kuchemsha na chumvi. "Usimwambie kwamba nimelia. Nitakuja mwenyewe kumshukuru siku iliki hii itakapozaa."

Phungma alilila yai lote. Alirudi nyumbani na tenga tupu, na baba akamsifu kwa kuwahi.

Aitamaya aliipanda miche ile katikati ya mashina yake bora, akaipalilia kuliko mengine yote. Vidukari hawakuhitaji kualikwa. Walitoka kwenye mashina magonjwa wakahamia mazima, shina hadi shina, huku mwenye shamba akiimba na kung'oa magugu. Baridi ikaja, ikaondoka. Mvua zilizofuata ziliposhuka, shamba zima lilikuwa limedumaa.

Siku moja majirani walikuja kwa Harkajang kusaidiana kazi, kama ilivyo desturi yao ya leo kwako, kesho kwangu. Walikuwa wameketi uani wakinywa chai, Phungma akiwamiminia, Aitamaya alipoingia ameshika shina lililodumaa.

"Kaka, nilikukosea nini?" aliuliza. "Ungeninyima tu, ningezoea. Kwa nini uniletee ugonjwa?"

"Nikuletee mimi? Sijakupa hata jani."

"Umenipa kwa mkono wa mwanao. Ukasema umenichagulia yenye watoto wengi."

Harkajang akageuka. "Phungma, ulimpelekea shangazi yako miche?"

Birika lilikuwa zito mkononi mwake. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Hapana, baba."

"Mmesikia? Mwanamke anafiwa na mume, anafiwa na akili pia. Sasa ananisingizia, tena kwa kumtaja mtoto."

Watu wakacheka. Aitamaya hakucheka wala hakulia. Alimtazama Phungma kwa muda mrefu, kisha akaliweka lile shina chini na kuondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka kijito kumsaidia kazi. Shuleni, Lachimi, rafiki yake Phungma, alijifunga kitambaa kichwani akaigiza: "Kaka yangu amenichagulia yenye watoto wengi!" Darasa zima likaangua kicheko, na Phungma alicheka kuwazidi wote, maana aliogopa kuonekana hacheki.

Menuka aliporudi kukagua, alilizunguka shamba la Aitamaya akitikisa kichwa. "Pole, mama. Hapa hakuna la kuokoa. Ng'oa yote."

Mama yule akaanza kung'oa peke yake. Akajaza tenga, akapanda mlima, akashuka, akajaza tena. Ule mlima ambao Phungma aliukwepa, shangazi yake aliupanda tangu alfajiri mpaka magoti yakawa yanatetemeka.

Jioni, Phungma na Lachimi walimkuta njiani wakitoka shule. Aliteleza kwenye tope mbele yao, akaanguka, na mashina yakamwagika.

"Shangazi, na sisi tugawie miche!" Lachimi alimtania.

Phungma aliinama ayaokote mashina. Shangazi akamzuia kwa mkono.

"Acha, mwanangu. Umeshanisaidia vya kutosha."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno hayo yalimchoma. Phungma alimwacha Lachimi akiwa bado anacheka, akakimbia hadi nyumbani. Akamkuta baba ananoa jembe. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kuruka neno: tenga, kona, kichaka, yai, na lile "hapana" la uani.

Alingoja kipigo. Harkajang hakumpiga. Aliliweka jembe chini, akamshika mkono, wakavuka kijito.

"Dada," alisema mlangoni, "mtoto huyu alisema uongo. Nami nilikuita mwendawazimu mbele za watu. Lakini kuna langu ambalo ni baya kuliko yote. Nilipita nyumba zote kuita watu mkutanoni, nikairuka yako. Ungekuwepo, ungeyatambua mashina haya mara ulipoyaona."

Aitamaya alikuwa akiosha damu ya goti lake. Hakumkaribisha ndani.

"Wale waliocheka," alisema, "wanajua?"

Kesho yake Harkajang aliwaita watu wote, safari hii akianzia nyumba ya dada yake. Akamsimamisha Phungma uani, palepale alipokuwa amesimama na birika, aseme mwenyewe. Alisema huku akilia, na hakuna aliyembembeleza. Lachimi alimwangalia kwa dharau. "Na ulicheka kuliko sisi sote," alimwambia, akaenda kusimama upande mwingine.

Baadaye majirani walivuka kijito na majembe, wakang'oa kwa siku moja kilichobaki. Menuka aliwaambia ardhi ile ipumzike, ipandwe ulezi kwanza, kisha waoteshe miche mipya kutokana na mbegu, mbali na mashamba ya zamani, kwa kuwa virusi vile havipiti kwenye mbegu. Harkajang akatangaza kuwa mpaka dada yake avune tena, mavuno yake mwenyewe watagawana nusu kwa nusu.

Kazi ya kupandisha mashina shimoni aliachiwa Phungma. Alipanda na kushuka mpaka mkanda ukamchubua kipaji. Jua lilipoanza kuzama, alimkuta shangazi ameketi kando ya tenga la mwisho.

"Nisamehe, shangazi. Shamba lako limekwisha kwa sababu yangu."

"Shamba litarudi, Menuka amesema." Aitamaya alilipapasa shina moja lililodumaa, kama alivyofanya siku ile ya kwanza. "Lakini mwaka mzima mimi nilikuwa na kaka. Kila nilipopalilia miche ile nilikuwa nikizungumza naye, namweleza habari za mume wangu, za mama yetu. Kumbe nazungumza peke yangu. Sasa kaka amerudi kwa aibu, si kwa kunikumbuka. Hilo sijui litaoteshwa kwa mbegu gani."

Phungma aliinama ashike tenga.

"Sikiliza, na ukikua uwaambie wanao. Kidukari hajui anachobeba mdomoni. Anakwenda kutafuta chakula chake tu, anaua shamba bila kukusudia. Wewe ulijua ulichobeba. Ulijua siku ya tenga, ulijua siku ya birika, na ulijua ulipokuwa ukicheka na wenzako."

Alinyanyuka, akaliinua tenga kwa mikono miwili, akamwekea mkanda kipajini.

"Haya. Panda."

Phungma akapanda.