Kapu la Mbegu la Kokwijuka

"Panya wa Kihanga wakinisikia nakohoa tu, wanafunga mizigo wanahamia Rwanda."

Maneno hayo aliyasema Ndyamukama, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka 1953. Alikuwa ameketi uani na wenzake, kibuyu cha rubisi mkononi. Rubisi ni pombe ya ndizi, na haikosi kumpa mtu maneno.

"Hebu kohoa basi tuone," mwenzake mmoja akamwambia.

Ndyamukama akakohoa. Mke wake, Kokwijuka, alikuwa akimenya ndizi hapo karibu. Aligeuka akautazama mlango wa nyumba yao. Hakuona panya aliyetoka na mzigo. Akaendelea kumenya.

Nyumba yao ilikuwa msonge mkubwa, wa mviringo, wenye paa la nyasi lililoshuka hadi karibu na ardhi. Ndani, sakafu ilitandazwa nyasi laini. Kila alipokuja mgeni wa heshima, nyasi mpya zilitandazwa juu ya zile za zamani. Za zamani hazikuondolewa.

"Nyasi walizokalia wageni ni baraka," Ndyamukama alifundishwa na baba yake. "Ukizitoa, umewatoa wageni."

Basi nyasi zikaongezwa juu ya nyasi, miaka tisa. Mguu ukikanyaga, unazama kama kwenye godoro.

Chini ya kitanda, juu ya nyasi hizo, Kokwijuka aliweka kapu la mbegu. Yalikuwa maharage mekundu yenye madoa meupe. Mama yake alimpa mbegu hiyo siku alipoolewa, kutoka upande wa Kyerwa. Kihanga nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mvua za vuli zilikuwa bado majuma sita, na kapu lilikuwa limejaa. Kokwijuka alilitazama kila asubuhi. Juu limejaa. Akaridhika.

Kesho yake ikawa Jumapili. Ndyamukama akavaa koti lake la kanisani, ambalo wiki nzima hutundikwa ukutani. Wakaenda misa. Kikapu cha sadaka kilipomfikia, akaingiza mkono mfukoni kwa heshima zote, huku watu wakimwangalia.

Mkono ulitoka na karatasi zilizotafunwa, maganda makavu, na watoto watatu wa panya, wekundu, hawajafumbua macho. Mmoja akaangukia ndani ya kikapu.

Katekista aliyeshika kikapu akainama. "Ta Ndyamukama," akanong'ona, akitumia Ta ya heshima, "sadaka ya wanyama ilikoma Agano la Kale."

Upande wa wanaume mabega yalitikisika. Upande wa wanawake walijifunika vitenge midomoni. Kokwijuka peke yake hakucheka. Alikuwa ameyaona maganda. Yalikuwa mekundu, yenye madoa meupe.

Misa ilipokwisha hakungoja kusalimiana na mtu. Alifika nyumbani mbio, akavuta kapu. Juu limejaa. Akazamisha mkono. Ulipita kwenye maharage mpaka nusu ya kapu, kisha ukagusa nyasi. Kitu chenye joto kikateleza kati ya vidole.

Panya walikuwa wametoboa kapu kwa chini. Walipita ndani ya nyasi, wakala kuanzia kitako kwenda juu, na palipokuwa na mbegu wakajaza nyasi za kiota, ndiyo maana juu halikushuka. Nusu ya mbegu ilikuwa imekwisha.

Ndyamukama akaingia, akahema.

"Si ulikohoa, Baba Kaijage?" Kokwijuka akamwuliza. "Labda walikwenda Rwanda na maharage yangu."

Ndyamukama akavua koti la kanisani. Alichukua fimbo, akaanza kuzipiga zile nyasi. Alipiga mpaka jioni. Alivunja kibuyu kimoja na mguu wa kigoda. Panya hawakupata hata mchubuko.

Kokwijuka aliketi nje akalishika kapu mapajani. Alijua hesabu yake vizuri. Nusu iliyobaki ikiliwa, hakuna cha kupanda. Hakuna cha kupanda, basi watoto watakula ndizi tupu mpaka masika. Na mbegu ya mama yake itakuwa imekufa mikononi mwake. Atakwenda kuomba mbegu nyingine kwa wifi yake, Kemigisha, pale Omurushaka. Kemigisha atampa. Lakini atampa pamoja na maneno, na maneno ya Kemigisha hayamaliziki kwa msimu mmoja.

Tangu saa ile Kokwijuka hakuliacha kapu. Aliziba tundu kwa kitambaa, akalibeba kichwani. Kisimani, kapu kichwani. Shambani, kapu kichwani. Hata darasani kwenye kisomo cha watu wazima alikwenda nalo.

Mwalimu wa kisomo aliitwa Melkiory. Alikuwa kijana aliyesoma sekondari, mwenye akili kali, sura nzuri, na ushujaa usio wa kawaida. Ushujaa huo mtauona mbele.

"Ma Kokwijuka," alisema mwalimu, "naona leo na kapu limekuja kujifunza kusoma."

"Lilale wapi, mwalimu? Nyumbani kwangu wenye nyumba ni panya."

Mwanamke mmoja akageuka kwenye benchi la mbele. Alikuwa Adelgunda, jirani yao, mjane. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametunza ghala la misheni. "Nitapita kwako kesho," akasema. "Mwambie mumeo asikohoe mpaka nifike."

Kesho yake Adelgunda alifika.

"Shikamoo, Ma," Kokwijuka alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe wanapolala na wanapokula."

Hakuulizia mitego wala paka. Alizunguka nyumba taratibu. Akaonyesha maganda ya ndizi yaliyorundikwa karibu na mlango. Akaonyesha kuni zilizoegemezwa ukutani, na majani marefu nyuma ya nyumba. Akaonyesha chungu cha viporo kisicho na kifuniko. Kisha akaingia ndani, akachutama, akazamisha mkono kwenye nyasi. Akatoa kiota, karatasi na pamba vimefumwa vizuri kama kofia.

"Ta Ndyamukama," akasema, "wewe unapigana na panya. Mimi kule misheni sikupigana nao. Niliwanyima chakula, nikawanyima kitanda. Panya asiye na chakula wala kitanda hahitaji fimbo. Anaondoka mwenyewe."

"Kitanda gani?"

"Hiki ulichokikanyaga."

Ndyamukama akanyooka. "Nyasi hizi haziondoki. Baba yangu alisema wageni watatoka pamoja nazo."

"Wageni walikwisha kwenda makwao," Adelgunda akamjibu. "Waliobaki humu ni panya. Na viroboto wao, ambao huleta magonjwa."

Ndyamukama akamtazama mkewe, akitafuta msaada. Kokwijuka alikuwa bado na kapu kichwani. Shingo ilikuwa imemkakamaa.

"Baba Kaijage," akasema polepole, "marehemu baba mkwe nilimheshimu. Lakini yeye alikaribisha watu. Wewe umekaribisha nani?"

Mwishowe Ndyamukama akauliza, "Nikizitoa, nizitupe wapi baraka za wageni?"

"Hazitupwi," akasema Adelgunda. "Za juu zilizo safi tutazipeleka migombani, mbali na nyumba, zioze zilishe migomba. Mgeni wako ataonekana kwenye mkungu. Za chini zilizooza tutazichoma. Kisha utatandaza mpya, na kila juma utazibadilisha."

Hilo Ndyamukama alilielewa. Alipenda mikungu mikubwa.

Adelgunda akaongeza jambo moja. Nyumba nne, hii na tatu za jirani, lazima zifanye kazi siku moja. "Ukimfukuza panya kwako peke yako, umempa jirani mgeni. Kesho atakurudishia."

Ijumaa watu walikusanyika. Asubuhi walifyeka majani kuzunguka nyumba zote nne. Kuni ziliinuliwa juu ya mawe, mbali na kuta. Maganda ya ndizi yalipelekwa shambani yakafukiwa. Kisha wakaja kwenye nyasi.

Hapa ndipo akili ya Adelgunda ilipoonekana. "Panya hakimbii katikati ya nyumba," alisema. "Hukimbia ukingoni, ubavu ukigusa ukuta. Na msonge ni ukuta mmoja tu unaozunguka mpaka mlangoni."

Basi alizika vyungu viwili ndani, kimoja kila upande wa mlango, karibu kabisa na ukuta. Midomo ya vyungu ililingana na ardhi. Ndani akatia maji nusu. Watoto wakaambiwa wakae mbali, kuku wakafungiwa. Watu wakaanza kuinua nyasi kutoka ukuta wa nyuma, wakija mlangoni polepole.

Chini ya nyasi kulikuwa na mji. Kulikuwa na njia, viota na maghala. Palionekana kifungo cha koti la Ndyamukama, nusu ya kadi yake ya ubatizo, na lundo la maharage mekundu yenye madoa meupe, yote yametafunwa kiini.

Kokwijuka akainama kuyakusanya. Adelgunda akamzuia. "Waliyoyagusa tusiyale. Na punje iliyoliwa kiini haioti. Yachomwe na nyasi."

Ndipo panya wakatoka. Walikimbia ukingoni kama walivyotabiriwa. Watu wote walisimama imara. Mwalimu Melkiory alisimama imara kuliko wote, akaua panya saba kwa fimbo moja, bila hata kuruka.

Hakuna aliyeshika mzoga kwa mkono mtupu. Waliwaokota kwa vijiti na majani ya migomba, wakawazika kwenye shimo refu. Kisha watu wakanawa kwa maji na sabuni.

Kazi haikuishia hapo. Ndyamukama alikwenda Omurushaka akanunua madebe matupu ya mafuta ya taa. Alijenga kihenge kidogo cha fito na udongo, chenye miguu minne iliyofika kiunoni mwa mtu. Alikijenga hatua mbili ndefu kutoka ukutani, mahali ambapo hakuna mti wala mgomba unaokigusa. Alikata madebe, akaupa kila mguu kofia ya bati, karibu na sakafu ya kihenge. Panya akipanda mguu, akifika kwenye bati, kucha zinateleza.

Kofia ya kwanza aliivalisha mdomo juu.

"Ta Ndyamukama," akasema Adelgunda, "unakinga mvua kwa mwavuli uliopinduliwa?"

Akaigeuza. Zote nne zikaelekea chini. Siku hiyo Kokwijuka alishusha kapu kichwani kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na mbili. Akamimina mbegu kwenye kihenge, akafunika.

"Sasa," Ndyamukama alitangaza, "hata panya mwenye mabawa haingii."

Asubuhi yake Kokwijuka alikuta mavi ya panya juu ya kifuniko. Kona moja ya kifuniko ilikuwa imeanza kutafunwa. Alitazama kofia za bati, zote zilikuwa safi. Akatazama mti, hakuna. Kisha akaona. Ngazi. Ndyamukama alikuwa ameiacha imeegemea kihenge, na panya alipanda kama bwana mkubwa.

Kokwijuka hakupiga kelele. Alichukua ngazi akaiingiza ndani, akailaza kitandani, upande wa mumewe.

"Na mimi nilale wapi?" Ndyamukama akauliza jioni.

"Ulimwalika panya kwa ngazi. Lala na ngazi yako."

Tangu siku hiyo ngazi haikulala nje tena. Viporo vilifunikwa. Nyasi zilibadilishwa kila Jumamosi, na Ndyamukama mwenyewe ndiye aliyezipeleka migombani. Vile vyungu viwili walivizika nje, nyuma ya nyumba. Mchana vilifunikwa mawe, jioni vilifunuliwa. Juma la kwanza walipata panya tisa. Juma la pili wawili. Juma la tatu, maji matupu.

Mvua zikaja. Kokwijuka alifungua kihenge. Nusu kapu ilikuwa bado nusu kapu. Alipanda punje moja moja, kwa mstari, na hakuipoteza hata moja. Mwezi wa kwanza alivuna makapu matatu. Yalikuwa mekundu, yenye madoa meupe, na kihenge kilijaa juu na chini.

Mwezi wa pili alikuja mgeni kutoka Omurushaka. Alikuwa wifi Kemigisha, na kapu tupu mkononi.

"Wifi," alisema Kemigisha akitazama pembeni, "kwangu panya wametumaliza. Nimesikia una mbegu."

Kokwijuka alimtandazia nyasi mpya, akamkaribisha chakula. Akampimia mbegu, akajaza kapu mpaka juu. Na maneno? Maneno alimpa pia, lakini yalikuwa haya tu: "Wifi, usiliweke chini ya kitanda. Na ngazi uiingize ndani."

Habari hii iliandikwa isomwe darasani, ili watu wa kisomo wapate kitu cha kusoma kinachowahusu. Siku ya kwanza aliitwa Kokwijuka asome mbele ya wote. Aliweka kidole chini ya kila neno. Akasoma kukohoa kwa mumewe, watu wakacheka. Ndyamukama, ambaye siku hizi naye huja darasani, akacheka pia. Akasoma ngazi, wakacheka tena. Kisha akarudi nyuma kidogo, kwenye siku ya nyasi. Kidole kikasimama.

"Mwalimu, hapa pana kosa."

"Neno gani limekushinda, Ma Kokwijuka?" akauliza Melkiory.

"Maneno nimeyasoma yote. Hapa pameandikwa 'panya saba kwa fimbo moja'."

"Naam."

"Wale saba waliingia kwenye chungu cha Ma Adelgunda. Nilihesabu mimi, na shimo nilichimba mimi. Wewe ulikuwa juu ya kinu changu, umeshika miguu ya suruali. Kinu kina ufa mpaka leo."

Adelgunda akaitikia kwa kichwa taratibu. "Alikuwa juu ya kinu," akasema. "Nilimshusha mimi."

Ndyamukama akageuka kwenye benchi. "Mwalimu," akasema kwa upole mkubwa, "hata mimi na kikohozi changu sikufika huko."

Mwandishi wa habari hii, ambaye ni Mwalimu Melkiory huyo huyo, akatoa kalamu ili afute.

"Usifute," akasema Kokwijuka. "Acha hivyo hivyo, wasome wote. Ila jina lako litie chini."

Akamkabidhi karatasi, akamngoja atie sahihi.