Fundi na Presha Mbili

Fundi cherehani aliamini futi yake ya kupimia nguo kuliko alivyoamini mtu. Akikupima kiuno asubuhi, jioni kitakuwa kilekile. Ndiyo maana, daktari alipomwanzishia kidonge cha presha cha kila siku, mashine ya kupimia presha aliyoazima kwa shemeji yake ilimchanganya akili.

Asubuhi alipima baada ya kupanda ngazi na mzigo wa vitambaa. Ikasoma 168 kwa 100. Akapima tena baada ya usingizi wa mchana. Ikasoma 118 kwa 76.

"Mke wangu, nina magonjwa mawili," alisema. "Asubuhi presha ya kupanda, mchana presha ya kushuka! Sasa niendelee kumeza kidonge cha daktari au ninywe maji ya chumvi?"

"Mimi nitajuaje?" alijibu mkewe.

Basi fundi akajipangia dawa mwenyewe. Namba ikipanda, kidonge. Ikishuka, maji ya chumvi. Wiki mbili zikapita. Kichwa kikawa kinamgonga, na siku moja akakata suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi. Hapo mkewe aliogopa kweli. Akamwita jirani yao, muuguzi.

Muuguzi alipima mara mbili. "Jirani, presha iko juu sana, hii si ya kungoja kesho. Twende zahanati."

Daktari alimtibu. Kisha fundi akamgeukia muuguzi. "Niambie ukweli. Nina ya kupanda au ya kushuka?"

"Presha ya kila mtu hupanda na kushuka. Ukibeba mzigo, moyo hupiga haraka na presha hupanda. Ukilala, moyo hupunguza mwendo, mishipa hulegea, presha hushuka. Mishipa ya shingoni ina vipimo vyake. Vinaupa ubongo habari, nao unaagiza: bana, au legeza."

"Kumbe nina futi shingoni!"

"Unayo. Halafu kuna figo. Hizo hutoa maji na chumvi kwenye mkojo. Chumvi ikizidi, maji hubaki mwilini, damu huongezeka, presha hupanda. Nawe ulikuwa unaiongeza kwa glasi."

Fundi aliona aibu, na bado hakuelewa. "Kama mwili unajua kazi yake, kidonge cha nini?"

"Mwili wako umezoea kuiweka juu. Ikikaa juu, mishipa huharibika, unaweza kupata kiharusi. Ile namba nzuri ya mchana ilikuwa kazi ya kidonge na usingizi. Wewe ukaiita ugonjwa."

Fundi akamwomba muuguzi amwonyeshe namna ya kupima.

Tangu siku hiyo hupima saa ileile kila siku. Kwanza hukaa dakika tano ametulia, mgongo kwenye kiti, miguu sakafuni, mdomo umefungwa. Mdomo ndio ulimshinda zaidi. Chumvi alipunguza. Kidonge humeza kila siku, kama daktari alivyosema.

Baada ya miezi miwili mashine ilisoma 124 kwa 78.

"Imekaa sawa!" mkewe alishangilia. "Basi leo kidonge huhitaji?"

Fundi alikuwa ameshakimeza.

"Imekaa sawa kwa sababu nakimeza," alisema.