Kinusajoto cha Mtaa wa Pamba

Jua lilipofika utosini, miavuli-anga ilifunguka juu ya Morogoro. Ilikuwa vitambaa vipana vya utando mweupe, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikibebwa pembeni na ndege ndogo zisizo na rubani, navyo viliurudisha mwanga wa jua angani kabla haujagusa lami. Chini yake watu waliokuwa wakikimbilia vivuli walipunguza mwendo. Wauza matunda wakafunua meza zao. Mtaa baada ya mtaa, mji ukashusha pumzi.

Injinia Semeni Mkude, aliyeibuni miavuli hiyo, hakuinua hata kichwa. Alikuwa Mtaa wa Pamba, na Pamba haikuwa imepata mwavuli tangu wiki iliyopita. Asubuhi ile joto lilimwangusha Mzee Mlekwa, mume wa shangazi yake. Hospitali zilikuwa zimefurika, hivyo muuguzi alimtundikia dripu palepale kitandani, akakataza asibebwe juani, akasema wazi: chumba kisipopoa leo, moyo wa mzee hautahimili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Bibi injinia umekuja na mwavuli, au umekuja kunipa pole?" Shangazi Sikudhani alikuwa akimpepea mumewe kwa kawa la kufunikia chakula. Feni juu yao ilizunguka bure, ikipuliza hewa ileile ya moto.

Semeni aliinua bangili yake ya mawasiliano. Miavuli haikutosha mitaa yote, kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na kinusajoto, yaani mlingoti mfupi wenye chombo cha kupima joto la hewa. Vinusajoto vyote vilipeleka habari kwa Mgawaji, ubongo-mashine uliotuma miavuli kule kulikokuwa na moto zaidi.

"Mgawaji, Pamba kuna joto gani?"

"Nyuzi thelathini na moja," bangili ikajibu kwa adabu. "Mtaa umepoa. Hauhitaji mwavuli."

"Umepoa!" Shangazi alicheka kicheko kikavu. "Mwambie huyo bwana aje alale humu ndani, tuone kama atasema tena."

Semeni alitoka. Mlingoti ulisimama hatua chache kutoka mlangoni, katikati ya mirehani iliyostawi vizuri ajabu. Ardhi yote kuuzunguka ilikuwa imefagiliwa, nayo ilikuwa mbichi.

"Nani anamwagia hapa?"

"Nani mwingine? Mimi." Shangazi alikuwa amemfuata hadi kizingitini. "Nanyunyiza asubuhi kabla ya kufagia, nanyunyiza mchana, nanyunyiza jioni. Mwanangu kaweka chombo chake mlangoni pangu, mimi nikiache kwenye vumbi kama mbuzi wa mnadani? Majirani walinicheka, wakaniita mke wa mlingoti. Sasa wao ndio wanaoniletea maji."

Semeni alijiegemeza ukutani, akaruka mara moja. Ukuta uliunguza.

"Umeona?" shangazi akasema. "Nieleze wewe uliyesoma. Kwetu Mgeta jua likizama tu unatafuta shuka. Hapa ukuta unanichoma mgongo mpaka usingizini. Jua si lilelile?"

"Ni lilelile. Mgeta ni mlimani, kweli, ila pia shamba linatoa jasho, shangazi, kama mtu. Udongo na majani yana maji. Jua likiwaka, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Sisi mji tumeuvisha lami na zege, haviwezi kutoa jasho. Vinalimeza joto mchana kutwa, na jua likizama vinalitapika juu yetu. Maghorofa yanazuia upepo usilichukue. Viyoyozi navyo vinapoza ndani na kutupa moto nje." Akauonyesha mlingoti. "Pale kwenye mirehani umetengeneza kipande cha shamba. Chombo kinanusa shamba lako, kinadhani mtaa wote uko hivyo."

Shangazi aliutazama mlingoti, kisha chumba, kisha mlingoti tena.

"Kwa hiyo mume wangu nimemchoma mimi."

"Hapana! Mimi ndiye niliyekifundisha kunusa njia, sikukifundisha kunusa vyumba."

"Na nikiacha kunyunyiza?"

"Ardhi itakauka, mwavuli utakuja."

"Yaani niikaushe nyumba yangu ndipo mashine yako inionee huruma." Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Anayejihangaikia inampita, anayejiachia inamfunika. Hiyo umeifundisha wewe, Semeni?"

Sheria ya kukataza kuhamisha vinusajoto Semeni aliiandika mwenyewe. Alipiga goti, akafungua komeo, akaung'oa mlingoti na mizizi ya mirehani ikining'inia, akaupeleka ndani na kuusimamisha kando ya kitanda, pale Mzee Mlekwa alipokuwa akihema kwa shida.

Nyuzi zilipanda. Thelathini na nne. Thelathini na nane. Arobaini na moja.

"Hatari, Mtaa wa Pamba," bangili ikasema. "Mwavuli unakuja."

Kivuli kilipita juu ya paa, kikatulia. Bati lililokuwa likilia kwa joto likanyamaza. Walikaa wawili wakimlowanisha mzee kwa kitambaa, mpaka pumzi zake zikarefuka, akafumbua macho na kuomba maji. Shangazi aliangua kilio, akamtukana kwa mapenzi, akamnywesha.

Semeni alisogea dirishani. "Mgawaji, mwavuli huu umeutoa wapi?"

"Mtaa wa Kinu."

Mwezi uliopita watu wa Kinu walikata miti yao yote ya mikungu, hata ile ya shuleni, na ofisini kwake hakuna aliyejua sababu. Sasa aliijua. Walikuwa wametoa kivuli cha miti yao ili kinusajoto kinuse moto, wapate kivuli cha mwavuli wake, naye ametoka kuwanyang'anya.

"Kinu wana wagonjwa?" shangazi akauliza nyuma yake.

"Lazima watakuwepo. Na hawana hata mti."

Shangazi alifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Basi unangoja nini hapa? Huyu nitamwangalia mimi. Nenda Kinu, uingie chumba kwa chumba."